Kheri Kabla ya Kahawa

Al Ansab, Maskati
9 Februari 2025

Ndugu yangu Yaqdhan,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Ruba na huyo mgeni aliyemo tumboni. Huku tupo, tunamshukuru Mola. Binti yangu Mazoon amehamia Sohar na mumewe, na kila Alkhamisi ananipigia simu kuniuliza namna ya kupika mchuzi wa papa, utadhani sikumfundisha. Goti langu la kushoto limenionea huruma kidogo kwa baridi hii. Mkunazi wa uani umezaa mpaka majirani wanakuja na mabeseni.

Utashangaa kupokea karatasi katika zama hizi. Simu nnayo, lakini kila nnachokuandikia kwenye simu kinaishia katika kundi la ukoo, na humo tumo watu wa Maskati, Unguja, Dubai na Kanada, na kila mtu ana maoni yake. Kwa hivyo nimeshika kalamu, na nitakwenda mwenyewe posta ya Ruwi.

Tuliiona habari uliyoitengeneza. Shemeji yako Marhoon alivaa kilemba chake kizuri ili akae mbele ya televisheni. Nikamcheka, nikamwambia, "Bwana, picha Yaqdhan alishakupiga Januari, sasa hivi hawakuoni." Akasema, "Niache." Mtangazaji wa kituo chenu cha Shurfa akaeleza kwamba serikali imeiokoa Kampuni ya Sindyan isifilisike, barabara zote zilizosimama zitamalizwa, na wafanyakazi wa zamani walioondoka kwa hiari yao wameridhika. Kisha akatokea Marhoon, amekaa katika sabla yetu, chumba cha wageni, jina lake limeandikwa chini, "msimamizi wa lami, Sindyan." Akasema, "Kheri. Hatuna la kusema ila kheri, alhamdulillahi." Basi. Baada yake wakaja na mpira.

Alivua kilemba akakikunja, akaenda kulala bila ya kula. Kundi la ukoo lilijaa maua na mioyo, ati Marhoon amekuwa mtu mkubwa. Lakini siku ya pili alikuja Nasr, yule kijana aliyekuwa akiendesha mtambo wa kushindilia lami chini yake. Nilimkaribisha, akakataa kuvua viatu. Akasimama pale pale mlangoni akamwambia, "Ami Marhoon, sisi tumeshitaki kwa kamati ya kazi kuwa tumefukuzwa, na wewe ndiye wa mwanzo kutia saini mashitaka hayo. Leo unawaambia walimwengu kuwa ni kheri?"

Tangu siku hiyo Marhoon hajakanyaga sabla ya mtaa, wanapobarizi wazee.

Mimi sikuulizi kitu. Nnakwambia tu yanayopita hapa. Mpe Ruba salamu zangu, na asinyanyue vitu vizito.

Dada yako,
Jawaher


London
4 Machi 2025

Dada yangu mpenzi Jawaher,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako imenifikia Ramadhani imeshaingia, na ilinifurahisha kuuona mwandiko wako kabla hata sijaifungua. Sisi wazima. Ruba anafunga siku moja na kula siku mbili kwa amri ya daktari, na ananuna siku zote tatu. Huku baridi haijaondoka. Tunafuturu tambi za sukari alizozipika yeye, si kama zako, lakini usimwambie nimesema.

Nimesikitika kusikia kuwa kipande kile kimeleta maneno. Dada, hebu tazama upande wangu. Habari nzima ilikuwa dakika mbili, na ndani ya dakika mbili inabidi aingie waziri, aingie mtaalamu wa uchumi, ionekane barabara, na aingie mtu wa kawaida. Shemeji alipewa nafasi ambayo wengi hawaipati. Na jambo moja ningependa Nasr alielewe: sikumlisha shemeji neno. Alichokisema ndicho kilichotoka.

Hivi ndivyo kazi yetu ilivyo. Mtu anaongea saa nzima, sisi tunachukua sentensi moja. Nasr ana hasira za ujana, atatulia. Kamati itasikiliza mashahidi na karatasi zao, haitahukumu kwa kipande cha televisheni.

Mwambie shemeji nitampigia nikipata nafasi. Siku hizi tuna kazi nyingi, chumba cha habari hakilali. Mwambie alionekana vizuri sana na kile kilemba cha zambarau, hata mkuu wetu Hisham alimsifu.

Niombee. Tukijaaliwa mtoto wa kike, Ruba anataka tumwite Noof, jina la marehemu mama. Nilidhani utafurahi kulijua hilo.

Mdogo wako,
Yaqdhan


Al Ansab
24 Machi 2025

Yaqdhan,

Assalaam alaykum. Ramadhani inatuaga. Mazoon na mumewe watakuja kwa Idi. Mwaka huu nimeipika halua mwenyewe, imeungua chini, tutaila hivyo hivyo. Mama angefurahi kuitiwa jina, na mimi nimefurahi pia. Basi, salamu nimezimaliza.

Umeniandikia kuwa hukumlisha Marhoon neno. Ni kweli, na ndiyo maana imenichoma.

Nimesomesha skuli miaka mingi, hebu leo nikusomeshe somo ambalo nilidhani ulilijua kabla hujajua kusoma. Mtu akiingia sabla anaulizwa khabari. Anajibu kheri. Nyumba yake inaungua huko nyuma, anajibu kheri. Anakaa, analetewa tende, anatiliwa kahawa, anarudisha kikombe. Ndipo anaulizwa mara ya pili, na hapo ndipo anaposema lililomleta. Baba alipofariki, Marhoon ndiye aliyekwenda Nizwa kumpasha ami yetu. Wewe ulikuwa mtoto, alikuchukua kwa sababu hukutaka kumwachia mkono. Akaulizwa khabari mlangoni, akasema, "Hatuna ila kheri." Akanywa kahawa huku machozi yanamtoka, kisha ndipo akasema, "Tumefiwa." Kuna aliyemwita mwongo siku ile? Wakubwa wako wa Beirut na wa London hawalijui jambo hili, wala sina la kuwalaumu. Wewe unalijua.

Siku uliyokuja na kamera mimi nilikuwa jikoni nachemsha hiyo kahawa. Nilikusikia ukimuuliza, "Khabari za kazi, shemeji?" na nikamsikia akijibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa. Kisha nikaingia na sinia, na mkakaa mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, akakueleza kila kitu. Alikueleza namna walivyoitwa mmoja mmoja katika ofisi za kampuni kule Qurum, wakawekewa karatasi ya kuandika kuwa wanaondoka kwa hiari. Asiyetia saini aliambiwa atajuta, hata cheti cha kazi hatopewa. Alikueleza kuwa serikali ilisema mapema itaiokoa kampuni kwa sharti kwamba hakuna mwananchi atakayeachishwa kazi baada ya hapo, kwa hivyo wakubwa wa Sindyan wakawatoa watu kwanza, halafu ndipo wakaenda kuomba. Serikali ikapewa orodha safi, haina malalamiko. Kamera yako ilikuwa inawaka wakati wote huo. Nilikiona kijitaa chekundu. Yamekwenda wapi maneno yale?

Na hayakuishia kwenu. Kile kituo kingine, kinachoitukana serikali asubuhi na jioni, kimekichukua kipande chako na kukirusha pia. Wao wamesema, "Watazameni wazee wa nchi ile, wamenyang'anywa riziki na bado wanaogopa kufungua mdomo." Kwenu Marhoon ameridhika, kwao Marhoon ni mwoga. Nilikaa na rimoti mkononi nikihama huku na huku, na kote niliona uso ule ule wa mume wangu na sikumsikia yeye. Hilo la woga limemuuma kuliko la kwanza. Aliniuliza, "Mimi, Jawaher? Mimi mwoga?" Nikalia.

Tena umekosea kuhusu kamati. Wakili wa Sindyan amekipeleka kipande hicho mbele yao. Anasema huyu ndiye msimamizi wao, wa kwanza katika mashitaka, na kwa ulimi wake amewaambia watu wa dunia nzima kuwa ni kheri. Kesi ya watu wote wale sasa imeegemea neno moja la adabu.

Marhoon amenikataza nisikuombe chochote, kwa hivyo sikuombi. Nnakuuliza swali moja tu. Mbona uliwasha kamera kabla ya kahawa?

Jawaher


London
2 Mei 2025

Dada Jawaher,

Assalaam alaykum. Idi imepita na sikukupigia, nisamehe. Ruba alilazwa, presha ilimpanda. Sasa yuko nyumbani, amelala ubavu wa kushoto kama alivyoambiwa, na mimi ndiye mpishi, kwa hivyo jua kwamba tuna njaa. Daktari amemkataza safari yoyote mpaka ajifungue.

Nilikwenda kwa Hisham. Nilimwambia kipande kile kimeleta madhara, nikamwomba tutoe kingine chenye maelezo ya shemeji kwa ukamilifu. Hakunikaripia. Aliniagizia chai, akasema kituo hakirudii habari iliyokwisha, na akaniuliza kama nimeridhika na kazi yangu.

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Wenye kituo chetu ndio wenye hisa kubwa katika benki iliyoikopesha Sindyan. Serikali ingekataa kuiokoa kampuni, wao wangezama nayo. Hicho kituo cha upande wa pili nacho kina wenyewe, ambao wangefurahi kampuni ianguke na serikali ionekane imeshindwa. Usidhani kuna mtu anayekuja kutuambia tuseme uongo. Hayupo. Tunaambiwa tu tumuulize nani, na wakati gani tumuulize. Mengine yanakuja yenyewe.

Picha zote za siku ile ninazo. Sikuzifuta. Lakini kibali changu cha kuishi hapa kimefungamana na kazi hii, nikitoka kazini ninatoka na nchini, na nimeshakueleza hali ya Ruba. Nikizipeleka kwa kamati, watajua siku hiyo hiyo zimetoka kwa nani. Ninakuomba unielewe. Mtoto akishazaliwa, tukishatulia, nitaona njia.

Swali lako nimeliona. Nilianza kulijibu mara kadhaa na kila mara nikaichana karatasi.

Shemeji hapokei simu yangu, au labda ninampigia wakati mbaya.

Yaqdhan


Al Ansab
21 Mei 2025

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Mwambie Ruba anywe maji ya shayiri na aache chumvi. Joto limeingia, tunalala na viyoyozi vinanguruma kama malori. Mazoon amepata kazi katika maktaba. Nimepokea barua yako na nimeielewa kila neno, hata yale uliyoyaruka.

Sikumsomea Marhoon. Nilitaka lakini sikuweza.

Kamati imekaa wiki iliyopita. Wanawake hawakuwapo, haya nnayokwandikia nimeyapata kwa Nasr, ambaye alikuja kunieleza, na safari hii aliingia ndani akakaa. Mwenyekiti ni mtu mstaarabu. Wazee wote walipokwishakaa, alimgeukia Marhoon akamuuliza, "Khabari, ami Marhoon?" Nasr anasema Marhoon aliinua uso akajibu, "Si kheri, bwana mwenyekiti. Tumedhulumiwa." Hapo hapo, kahawa haijapita. Umri wake wote hajawahi kulifanya jambo hilo. Wazee wawili waliinamisha vichwa kwa haya, na mmoja akalia.

Kisha wakili wa kampuni akawasha kile kipande. Akamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Wenzako wanasema maneno yako yamekatwa. Yamekatwa au hayakukatwa?"

Marhoon akasema, "Aliyenipiga picha ni ndugu wa mke wangu. Nimemlea mimi."

"Sikukuuliza hilo. Yamekatwa?"

Nasr anasema mwenyekiti ilibidi alirudie swali hilo. Kisha akasema, "Maneno ni yangu."

Wakayaandika hayo, akatia saini. Wenzake walitoka nje wamechanganyikiwa, wengine walitaka kumvamia. Mwenyekiti amewapa mpaka mwisho wa Juni, mwenye ushahidi mwingine aulete.

Aliporudi nilimuuliza kulikoni, akaomba maji. Nilipoyapata kwa Nasr nilikaa ukumbini mpaka nikasahau kupika.

Yaqdhan, mama alipofariki mimi nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Watu wa mume wangu walimwambia akupeleke kwa ami zako, akawaambia mtoto huyu ni wangu. Hajanikumbusha hata siku moja, wala hajakukumbusha wewe. Leo nimekukumbusha mimi, kwa sababu mimi si mwema kama yeye.

Jawaher


London
15 Juni 2025

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Ruba amejifungua salama tarehe 3, mtoto wa kike. Tumemwita Noof. Ana paji la uso la mama na sauti ya muadhini. Nimemuadhinia mwenyewe sikioni.

Barua yako ya Mei ilinifikia siku tatu baada ya kuzaliwa mtoto. Niliisoma nikiwa nimembeba. Usiku ule ule nilizituma picha zote kwa kamati, tangu kamera ilipowaka mpaka ilipozimwa, pamoja na maelezo yaliyotiwa saini yangu kuwa mimi ndiye niliyezikata. Asubuhi nikaenda kumwambia Hisham kwa mdomo wangu, sikutaka alisikie kwa mwingine. Safari hii hakuagiza chai. Nimeachishwa kazi, na tumepewa muda wa kufunga mizigo na kuondoka.

Sasa swali lako. Nilijibu kwa kamati, sina budi kukujibu na wewe.

Kabla sijapanda ndege Januari, Hisham aliniambia anahitaji mtu mmoja wa Sindyan aliyeridhika. Nilijua hayuko. Nilimwambia nitampata. Njiani nilikuwa nimeshaamua: nitaingia sabla kwa shemeji, nitawasha kamera na kumuuliza khabari kabla mtu hajaleta kahawa, naye atanijibu kheri, kwa sababu hana jibu jingine la kumpa mgeni. Baada ya hapo nilimwacha aseme yote. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Pole, shemeji." Na wakati ule wote nilikuwa tayari ninacho nilichokifuata.

Nilijua, dada. Si wakubwa walionifundisha hila ile. Wao hawaijui hata desturi yenyewe. Hila nilikuja nayo kutoka nyumbani kwenu.

Ninaona aibu ambayo siwezi kuieleza. Ninataka kuja kumwomba radhi shemeji kwa uso wangu, na sithubutu kuja bila ya ruhusa yake. Tafadhali msomee barua hii yote, usimpunguzie hata neno. Kisha niandikie alichosema.

Yaqdhan


Al Ansab
13 Julai 2025

Ndugu yangu Yaqdhan,

Assalaam alaykum, na karibu duniani Noof wetu. Nimemwonyesha kila mtu picha yake, hata mwenye duka la mboga. Mazoon anamshonea kanzu kumi, utadhani ni watoto kumi. Mungu amkuze na ampe Ruba nguvu.

Kamati imetoa uamuzi. Wamezitazama picha zako zote, na wamesema watu hawakuondoka kwa hiari, wala kampuni haikuwa na haki ya kuificha serikali jambo hilo. Sindyan imeamrishwa iwarudishe kazini. Nasr ameshapewa mtambo wake.

Marhoon hakurudishwa. Picha zilikuwa za kumsaidia, lakini yeye mwenyewe alishasema mbele yao kuwa maneno ni yake na hakulazimishwa, na akatia saini. Wamesema hawawezi kumtetea mtu dhidi ya ushahidi wake mwenyewe. Wenzake walikuja hapa wote kwa pamoja, wakajaa mpaka uani, wakasema bila yeye hawarudi. Akawaambia, "Mna watoto. Nendeni." Kisha akaenda nao sabla ya mtaa, akakaa pale alipokuwa akikaa siku zote. Hilo angalau limerudi. Nilimwona kutoka dirishani akiongozana nao, mgongo umenyooka, nikashukuru, na papo hapo nikakasirika tena.

Televisheni zenu hazikusema kitu. Shurfa imeonyesha barabara mpya ikifunguliwa na utepe ukikatwa. Kile kituo cha pili kimeshahamia kwenye uchaguzi wa nchi nyingine.

Barua yako nilimsomea baada ya sala ya alasiri, yote kama ulivyotaka. Nilipofika pale ulipoandika kuwa ulijua, nilisita. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka jina lako. Alikuwa akitazama mikono yake. Ile rangi ya lami haijatoka kwenye kucha zake, sidhani kama itatoka.

Nikamuuliza, mbona hukusema kuwa yamekatwa? Ulikuwa unajua, na kazi yako ingerudi.

Akanijibu, "Nisimame mbele ya watu wale niseme kuwa mtoto niliyemlea mimi amenitoa sadaka? Halafu nirudi kazini, Jawaher? Kazi hiyo ningemfanyia nani?"

Nikamuuliza kama uje. Nikamuuliza tena siku ya pili, akachukua kofia yake akaenda msikitini. Nimemuuliza na jana. Hajasema uje, na hajasema usije. Sitakudanganya kwa kukutia moyo: hajakusamehe. Mimi pia bado. Kuna nyakati nnaikumbuka ile "Pole, shemeji" yako na nnataka kukupiga kofi.

Lakini umesema ulichokisema na umelipa kwa hilo, na una mtoto mchanga asiye na pa kwenda. Nimekisafisha chumba cha upande wa uani, nimeweka kitanda cha Mazoon cha utotoni. Marhoon amepita mlangoni akakiona, akaendelea na njia yake. Sikumtaka ruhusa. Nyumba hii ni yangu vilevile, Yaqdhan, na mimi nasema njoo.

Dada yako,
Jawaher